Ng'ombe wako bondeni, ubaridi uko Vidunda: Kwa nini Kilosa hainufaiki na maziwa?

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye ng'ombe wengi zaidi barani Afrika. Kwa takwimu za Wizara ya Mifugo na Uvuvi za mwaka 2022/23, nchi ilikuwa na ng'ombe wapatao milioni 36.6 na uzalishaji wa maziwa ulifikia lita bilioni 3.6 kwa mwaka. Zikitajwa moja moja, tarakimu hizo zinapendeza. Zikigawanywa, furaha inapungua. Ukiwahesabu wote, wakiwemo madume, mitamba na ndama, kila ng'ombe wa Tanzania anatoa chini ya lita 100 kwa mwaka. Hicho ni kikombe kimoja kikubwa cha chai kwa siku.

Kwa upande wa wanywaji hali si tofauti. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7. Maziwa hayo yakigawanywa sawa kwa sawa, kila mmoja anapata lita zisizofika 60 kwa mwaka, wakati kiwango ambacho Serikali na wadau wa maziwa hukitaja kila inapofika Wiki ya Maziwa ni lita 200. Aidha, maziwa yanayopita kiwandani hayazidi asilimia tatu ya yote yanayokamuliwa. Mengine hunyweka nyumbani, huuzwa kwa jirani, hupitishwa mitaani kwa baiskeli na pikipiki, au huharibika.

Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, ni mahali pazuri pa kulitazama tatizo hili kwa karibu, kwa kuwa pande zake zote mbili zinaonekana ndani ya wilaya moja. Bondeni, katika tambarare za Mkata na vijiji kama Twatwatwa, wapo wafugaji wa siku nyingi, hasa Waparakuyo ambao ni ndugu wa Wamasai, na baadaye wakaja wafugaji wa makabila mengine kutoka kaskazini na magharibi mwa nchi. Huko ng'ombe wapo, lakini joto ni kali, malisho yanagombewa na maji hukauka kiangazi.

Kusini mwa wilaya, katika Jimbo la Mikumi, kuna milima ya Vidunda inayosimama juu ya Kidodi na Mto Ruaha Mkuu. Huko juu hali ya hewa ni ya ubaridi, na mashamba ya mahindi, maharage na migomba huacha mabaki mengi kila msimu. Lakini Wavidunda kwa asili ni wakulima. Kwa vizazi vingi mbung'o wa mapori ya Mikumi na bonde la Ruaha, wanaoeneza ugonjwa wa nagana, waliufanya ufugaji wa ng'ombe katika ukanda huo kuwa kazi ya hasara.

Kwa maneno mengine, Kilosa ina ng'ombe mahali ambapo mazingira hayamsaidii ng'ombe wa maziwa, na ina mazingira mazuri mahali ambapo ng'ombe hayupo. Jibu linalokuja haraka ni kununua mitamba na kuipeleka mlimani. Jibu hilo limejaribiwa sehemu nyingi nchini, na pale lilipoanza na ng'ombe badala ya mambo mengine, mara nyingi limeishia kwa mkulima kubaki na banda tupu. Ili kuona sababu, inafaa kwanza kuangalia mwili wa ng'ombe unavyofanya kazi.

Ng'ombe hujilisha kwanza, maziwa baadaye

Tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne. Chumba cha kwanza ndicho kikubwa, na kwa ng'ombe mkubwa wa kisasa kinaweza kubeba zaidi ya lita 100. Ndani yake mna mabilioni ya vijidudu wanaovunja nyuzi za majani na mabua, na ng'ombe hucheua kwa saa sita hadi nane kwa siku ili kuwarahisishia kazi. Ndiyo maana bua la hindi, ambalo binadamu hawezi kulila, kwa ng'ombe hugeuka kuwa maziwa na nyama.

Lakini chakula hicho hakiendi chote kwenye kiwele. Sehemu ya kwanza hutumika kumweka ng'ombe hai: kupumua, kutembea, kupambana na kupe na joto. Kinachobaki baada ya hapo ndicho kinachoweza kuwa maziwa. Ng'ombe anayetembea kilomita nyingi kutafuta maji na malisho anatumia njiani kile ambacho kingeingia kwenye ndoo.

Chukua mfano wa kawaida. Ng'ombe wa asili mwenye uzito wa kilo 250 anahitaji kiasi cha kilo sita hadi saba za chakula kikavu kwa siku, yaani chakula kilichoondolewa maji. Majike kumi wa aina hiyo wanahitaji kilo 60 hadi 70. Kwa kuwa ng'ombe wa asili huchukua mwaka mmoja na nusu au zaidi kati ya ndama mmoja na mwingine, kati ya majike hao kumi huenda ni watano tu wanaokamuliwa kwa wakati mmoja. Kila mmoja akimpa mfugaji lita moja na nusu hadi mbili baada ya ndama kunyonya, jumla ni lita nane hadi kumi.

Ng'ombe mmoja chotara mwenye kilo 400, akitunzwa vizuri, anaweza kutoa lita hizo hizo peke yake kwa kula kilo 12 tu za chakula kikavu. Tofauti ni kwamba mfugaji wa kwanza analisha miili kumi ili apate ndoo moja, na wa pili analisha mwili mmoja.

Hesabu hiyo haina maana kwamba mfugaji wa bondeni hajui anachofanya. Ng'ombe wa asili anavumilia kupe, kiu na safari ambazo zingemuua chotara kwa wiki chache. Pia ni benki, mahari, jembe la kukokota na kinga ya njaa. Mfugaji mwenye majike kumi akipoteza mmoja anabaki na tisa. Mkulima mwenye chotara mmoja akimpoteza anabaki na deni. Hapo ndipo hatari yote ya mradi wa maziwa mlimani ilipo.

Maji, damu na dakika saba

Maziwa ni maji kwa kiasi cha asilimia 87. Ng'ombe anayetoa lita kumi kwa siku anaweza kunywa lita 50 hadi 60, na siku ya joto zaidi ya hapo. Akinyimwa maji leo, maziwa yanapungua leo hii, bila kusubiri wiki ijayo. Katika nchi kavu, ambako kiangazi ng'ombe hunyweshwa mara moja kila baada ya siku mbili, hata mbegu bora kutoka Ulaya haiwezi kutoa lita kumi.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui ni kazi ya damu. Inakadiriwa kwamba ili kiwele kitengeneze lita moja ya maziwa, lita 400 hadi 500 za damu lazima zipite humo. Ng'ombe wa lita kumi anasukuma tani nne hadi tano za damu kwenye kiwele chake kila siku. Mnyama anayefanya kazi hiyo anazalisha joto jingi mwilini, na akiwekwa mahali penye joto anapunguza kula ili ajinusuru. Ng'ombe weusi na weupe wa asili ya Uholanzi, maarufu kama Friziani, huanza kutaabika hewa inapovuka nyuzi joto 25 au karibu na hapo. Hii ndiyo sababu nyanda za juu kama Kilimanjaro, Rungwe na Lushoto ziliwahi kuwa na ng'ombe wa maziwa mapema kuliko tambarare, na ndiyo sababu ubaridi wa Vidunda una thamani.

Ukamuaji nao una masharti yake. Kiwele kinapooshwa kwa maji ya vuguvugu na kupapaswa, ubongo wa ng'ombe hutoa kichocheo kinachoshusha maziwa. Nguvu ya kichocheo hicho hudumu dakika tano hadi saba tu. Kelele, fimbo au mbwa bandani humtia hofu na kufunga maziwa, na yanayobaki kwenye kiwele hukaribisha ugonjwa wa kiwele. Ng'ombe wa asili, kwa upande wake, mara nyingi hashushi bila kumwona ndama wake. Ndama akifa, maziwa nayo huisha.

Mlimani tayari kuna mfano

Wapo wanaosema kwamba watu wasio na asili ya ufugaji hawawezi kuwa wafugaji wa maziwa. Historia ya mkoa huo huo wa Morogoro inasema vingine. Huko Mgeta, katika milima ya Uluguru, Waluguru walikuwa wakulima kama walivyo Wavidunda, na hata taratibu zao za ukoo na ardhi kupitia upande wa mama zinafanana. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kwa ushirikiano na Norway kilipeleka huko mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway. Mbuzi hao walienea kwa wakulima wadogo, na maziwa yakaanza kunyweka katika nyumba ambazo hapo kabla hazikuwa na desturi hiyo.

Mambo mawili yalisaidia. Kwanza, mbuzi anatoa lita moja au mbili, kiasi ambacho familia inaweza kukimaliza yenyewe, hivyo soko halikuwa sharti la kuanzia. Pili, chuo chenye wataalamu kilikuwa karibu na kiliendelea kurudi kijijini kwa miaka mingi. Mkulima aliyeugulisha mbuzi wake hakuachwa peke yake.

Kwa Vidunda somo hilo ni kubwa. Mbuzi wa maziwa anakula kidogo, anagharimu kidogo, na akifa hasara yake inabebeka. Kaya iliyokwisha kujifunza kukata majani kila siku, kuosha vyombo na kutunza kumbukumbu kwa mbuzi wawili, ndiyo inayostahili kufikiriwa kupewa ng'ombe.

Majani yatangulie

Kosa la miradi mingi ya ng'ombe wa maziwa ni mpangilio. Mtamba hukabidhiwa kwa sherehe, kisha mkulima ndiye anaanza kutafuta majani. Miezi ya mvua hupita salama. Inapofika Agosti hadi Novemba, majani yamekauka, ng'ombe ana mimba au ananyonyesha, na mkulima anampa mabua makavu peke yake. Ng'ombe anakonda, hapandi joto kwa wakati, na mwaka wa pili hauna ndama wala maziwa.

Mtamba hubeba mimba kwa siku zipatazo 280. Mabingobingo au Guatemala zikipandwa mwanzoni mwa mvua huwa tayari kukatwa baada ya miezi mitatu au minne. Kwa hiyo hakuna sababu ya ng'ombe kufika kabla ya majani. Katika milima yenye mteremko kama Vidunda, majani hayo yakipandwa kwenye kingo za makinga maji huzuia pia udongo kuteremka, na hapo mkulima anapata faida hata kama ng'ombe hatafika kamwe.

Chini ya mlima kuna akiba nyingine ambayo wilaya nyingi hazina. Mashamba ya miwa ya Kilombero, pamoja na ya wakulima wa nje wa Kidodi na Ruhembe, yanapakana na eneo hili, na kiwanda cha sukari kina mitambo pande zote mbili za Ruaha. Vilele vya miwa hubaki shambani wakati wa mavuno, na mavuno hayo huangukia kiangazi, majira yale yale majani yanapokosekana. Pia kuna molasi, masalia mazito na matamu yanayobaki baada ya sukari kutolewa.

Hata hivyo, vitu hivyo vina mipaka yake. Vilele vya miwa vinashibisha lakini vina protini kidogo. Molasi inatia nguvu lakini nayo haina protini ya maana. Ng'ombe akilishwa hivyo tu atanenepa kidogo na maziwa hayatapanda. Lazima viongezwe mashudu ya alizeti au pamba, au majani ya miti jamii ya kunde kama mlusina. Wengine huchanganya molasi na kiasi kidogo sana cha urea, kwa kuwa vijidudu wa tumboni wanaweza kuigeuza kuwa protini. Hilo lifanyike kwa maelekezo ya mtaalamu tu, kwani urea ikizidi inaua ng'ombe kwa saa chache.

Molasi siku hizi haimwagwi ovyo. Viwanda vya spiriti vinaihitaji, na mkulima mmoja mwenye ndoo hawezi kushindana na mnunuzi wa malori. Kikundi kinachonunua kwa pamoja kinaweza. Ushirika, basi, unahitajika kuanzia kwenye chakula cha ng'ombe, kabla hata ya tone la kwanza la maziwa.

Kupe, mbung'o na dume

Baada ya majani, yanafuata magonjwa. Ndigana kali, inayoenezwa na kupe, ndiyo muuaji mkubwa wa ndama na ng'ombe chotara nchini. Chanjo yake ipo, na imetumika kwa miaka mingi hasa kwa wafugaji wa kaskazini, lakini inahitaji ubaridi mkali wakati wa kuisafirisha na mtaalamu wa kuitoa. Josho linalofanya kazi au bomba la kunyunyizia dawa kila wiki ni jambo la lazima. Chotara anayefungiwa bandani ana nafuu kwa kupe, lakini majani yanayokatwa porini yanaweza kumletea kupe hao bandani.

Mbung'o ni suala la njia. Mlimani kwenye mashamba yaliyofunguliwa hatari ni ndogo kuliko porini, lakini ng'ombe hafiki mlimani kwa kuruka. Atapita bondeni. Mtamba anayesafirishwa kupitia ukanda wa Mikumi anahitaji kinga kabla ya safari na uangalizi baada ya kufika.

Mwaka 2025 Serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, iliyopangwa kuendelea kwa miaka mitano. Ni hatua ambayo wafugaji waliisubiri kwa muda mrefu. Mafanikio yake yatapimwa katika kata kama Vidunda, ambako njia za kupanda milimani huwa ngumu wakati wa masika, kuliko katika vijiji vilivyo kando ya barabara kuu.

Suala la mbegu nalo lina saa yake. Ng'ombe hupanda joto kila baada ya siku 21, na joto hilo hudumu kwa saa zisizozidi 18 kwa kawaida. Akionekana asubuhi, ahimilishwe jioni. Akionekana jioni, ahimilishwe asubuhi inayofuata. Mbegu kutoka kituo cha taifa cha uhimilishaji cha Usa River, Arusha, huhifadhiwa katika hewa ya naitrojeni iliyogeuzwa kimiminika, kwenye ubaridi wa nyuzi 196 chini ya sifuri. Pale ambapo mtaalamu yuko mbali na simu haishiki vizuri, siku 21 hupotea mara moja, mbili, tatu, na kila duru inayopotea ni wiki tatu za kumlisha ng'ombe bila malipo. Kwa kuanzia, dume bora wa kijiji aliyepimwa magonjwa ya kuambukiza anaweza kuwa jibu la uhakika zaidi.

Aina ya ng'ombe pia ifikiriwe. Karibu na Kilosa, Mpwapwa, watafiti walitumia miongo kadhaa kutengeneza aina ya ng'ombe inayochanganya damu ya zebu wa Asia na Afrika na kiasi kidogo cha damu ya Ulaya. Ng'ombe wa Mpwapwa hatoi maziwa kama Friziani, lakini alitengenezwa kwa ajili ya nchi kavu na malisho duni. Kwa mfugaji wa bondeni, damu ya aina hiyo ina maana zaidi kuliko Friziani atakayekufa kabla ya mvua.

Maziwa ya jioni yanakwenda wapi?

Tuseme majani yapo, ng'ombe ana afya na ndoo imejaa. Hapo linakuja swali linaloua miradi mingi kimya kimya: maziwa ya jioni yanakwenda wapi?

Maziwa yanapotoka kwenye chuchu yana joto la mwili. Vijidudu walioingia kutoka kwenye mikono, ndoo au manyoya wanaweza kuongezeka maradufu kila baada ya nusu saa au chini ya hapo. Yakipozwa haraka hadi nyuzi nne, hulala salama hadi kesho. Yakiachwa katika joto la Kidodi kutoka saa 11 jioni hadi asubuhi, yanachachuka. Ndiyo maana wakusanyaji wengi nchini huchukua maziwa ya asubuhi tu, na mkulima anabaki na sehemu kubwa ya kazi yake bila mnunuzi.

Utafiti na mradi wa Maziwa Zaidi, ulioanza mwaka 2012 katika wilaya za Kilosa, Mvomero, Lushoto na Handeni chini ya Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo na washirika wake wa hapa nchini, uliweka wazi tofauti hiyo. Lushoto na Mvomero zilitazamwa kama maeneo ambako maziwa ya kijijini huenda mjini. Kilosa na Handeni zilikuwa kundi la pili, ambako maziwa huzalishwa kijijini na kumalizikia kijijini.

Kwa Vidunda soko halipo mbali kwa ramani. Mikumi ina hoteli za watalii na malori ya barabara kuu ya Zambia. Kidatu na Ruaha zina wafanyakazi wa kiwanda cha sukari, na mbele kidogo, Mang'ula, kuna watalii wa Hifadhi ya Milima ya Udzungwa. Kutoka Mikumi hadi Kidatu ni chini ya kilomita 50. Shida ni kilomita chache za kushuka mlimani, na shida hiyo huwa kubwa zaidi wakati wa mvua, yaani wakati maziwa ni mengi.

Zipo njia za bei nafuu. Maziwa ya jioni yanaweza kuchemshwa na kugandishwa kuwa mtindi, ambao hudumu muda mrefu na huuzwa kwa bei nzuri. Chombo cha aluminiamu kikitumbukizwa kwenye maji ya kijito cha mlimani hupunguza joto kwa kiasi, ingawa hakifiki nyuzi nne. Kituo kidogo cha kukusanyia chini ya mlima, chenye tangi la kupozea, kinaweza kupokea maziwa ya wakulima wa juu na ya wafugaji wa bondeni kwa pamoja. Umeme wa bwawa la Kidatu umekuwa ukifuliwa jirani tangu mwaka 1975.

Somo la Tanga, na la viwanda vilivyokufa

Nchi hii ina mifano miwili ya kujifunzia. Wa kwanza ni Shirika la Maziwa Tanzania, lililokuwa na viwanda katika miji mbalimbali ukiwemo Dar es Salaam, na Utegi mkoani Mara. Viwanda hivyo vilijengwa kabla ya kuwa na maziwa ya kutosha ya wakulima, vikategemea sana maziwa ya unga kutoka nje, na katika miaka ya 1990 vikafifia.

Wa pili ni Tanga. Huko kazi ilianza katika miaka ya 1980 kwa wakulima wadogo, mafunzo na malisho. Vikafuata vyama vya msingi na vituo vya kukusanyia, kisha chama kikuu cha ushirika, na kiwanda cha Tanga Fresh kikaja katikati ya miaka ya 1990. Kiwanda kilipofika kilikuta maziwa yanasubiri. Mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, ambapo mkulima aliyepewa mtamba hulipa kwa kumpa mwenzake ndama jike, ulifanya kazi pale ambapo wakulima walikuwa wamejiandaa hivyo.

Morogoro yenyewe ina kielelezo. Mwaka 2003 wahitimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine walianzisha usindikaji mdogo wa maziwa mjini humo, wakianza na lita chache na kununua kwa wafugaji, wakiwemo Wamasai. Walionyesha kwamba maziwa ya ng'ombe wa asili, ambayo ni mazito na yana mafuta mengi, yana soko mjini iwapo kuna mtu wa kuyafuata na kuyapima.

Bondeni ni suala la amani pia

Kwa Kilosa, hesabu ya maziwa inagusa jambo zito kuliko lishe. Tarehe 8 Desemba 2000, wakulima 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Mwaka 2008 damu ilimwagika tena wilayani humo, na mwaka 2009 ilifanyika operesheni ya kuwaondoa wafugaji. Tangu hapo kila upande umekuwa na kumbukumbu zake chungu.

Wanaotaka suluhisho la haraka husema wafugaji wapunguze mifugo. Lakini mfugaji ambaye hana pa kuuza maziwa ana njia moja tu ya kuongeza kipato: kuongeza idadi ya ng'ombe. Idadi ikiongezeka, ng'ombe huingia mashambani. Akiwa na mnunuzi wa kila siku, ng'ombe watano wanaolishwa vizuri wanaanza kumlipa kuliko kumi na watano wanaotembea, na mabua ya mkulima yanakuwa bidhaa ya kununuliwa badala ya chanzo cha ugomvi.

Katika boma, maziwa kwa kawaida ni mali ya mwanamke, na ndiye anayefika sokoni kuuza na kununua mahindi kwa mkulima. Biashara hiyo ndogo ni moja ya nyuzi chache zilizoendelea kuunganisha jamii hizi hata katika miaka mibaya. Kituo cha kukusanyia maziwa kinachomlipa mama huyo kwa jina lake, kwa kipimo kinachoonekana, kinaweza kufanya kazi ambayo vikao vingi vya usuluhishi havikuifanya. Kikimlipa mwenye ng'ombe na kumruka mkamuaji, kinaweza pia kuukata uzi huo.

Nani aanze?

Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa haihitaji mabilioni ili kuanza. Inahitaji kuheshimu mpangilio. Mwaka wa kwanza uwe wa majani na mafunzo, pamoja na mbuzi wa maziwa kwa kaya zinazotaka kujaribu. Mwaka wa pili uwe wa josho, chanjo na afisa ugani anayelala kijijini. Wakati huo huo kituo cha kupozea kianze chini ya mlima kwa maziwa ya bondeni ambayo tayari yapo. Mtamba apande Vidunda mwaka wa tatu, kwa mkulima mwenye majani shambani, maji karibu na jina lake kwenye daftari la kituo.

Mpangilio huo hauna sherehe nyingi, na kiongozi hapigwi picha nzuri akikabidhi miche ya mabingobingo. Lakini ng'ombe hajui kampeni wala mwaka wa fedha. Anajua kilo 12 za chakula na lita 50 za maji kila siku, na siku asipovipata atalipa kwa namna moja tu, kwa kukausha kiwele.